Jinsi ya kuandika elimu yako na mambo unayoyatafiti: kwa walimu wa elimu ya awali na walimu wa lugha

Ukurasa wa mwalimu mtafiti husomwa na watu wa aina tatu, na wote wana haraka. Mwanafunzi anatafuta msimamizi wa tasnifu. Mhariri wa jarida anatafuta mhakiki wa makala. Mtafiti mwenzako anatafuta mtu wa kuandika naye andiko la mradi. Wanachotaka kujua ni kimoja: huyu anaweza kulifanyia kazi swali langu? Ukurasa unaosema "napenda kutafiti lugha na makuzi ya mtoto" hauwajibu, maana sentensi hiyo inamfaa kila aliye katika fani, kuanzia anayepima usikivu wa watoto wachanga hadi anayeandaa vitabu vya hadithi.

Neno moja kabla ya kuanza. Wengi huandika kichwa cha habari "Maslahi ya Utafiti". Msomaji wa Kiswahili akiona maslahi anafikiria posho. Andika "Maeneo ya utafiti", au kwa uwazi zaidi, "Ninachokitafiti".

Anza na swali, si na vyeti

Eneo la utafiti lililoandikwa vizuri linabeba mambo manne: nani, nini, kwa lugha na mazingira gani, na kwa njia gani. Likikosekana moja, msomaji analijaza mwenyewe, na kwa kawaida analijaza vibaya.

Nani. "Watoto wadogo" haitoshi. Katika fani hii utoto wa awali huhesabiwa tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na ndani ya kipindi hicho mtoto anabadilika kupita kiasi. Mfumo wa UNESCO wa kupanga ngazi za elimu, ISCED, unaigawa ngazi ya 0 mara mbili: 01 kwa walio chini ya miaka 3, na 02 kuanzia miaka 3 mpaka wanapoingia shule ya msingi. Taja umri kwa miaka, au kwa miezi kama unashughulika na walio chini ya miaka 3. Mtoto wa miezi 18 na mtoto wa miaka 6 hawatafitiwi kwa vifaa vimoja. Wa kwanza utamjua kwa kumsikiliza na kumuuliza mlezi wake. Wa pili unaweza kumkalisha ukampa kazi ya dakika kumi.

Nini. Taja jambo linaloonekana au kusikika. "Makuzi ya lugha" ni jina la fani nzima. "Upatanisho wa ngeli", "urefu wa zamu za mazungumzo wakati wa kusomewa hadithi", "kutambua silabi ya kwanza ya neno" ni mambo ambayo mtu anaweza kukaa na kalamu akayahesabu.

Chukua mfano wa ngeli, kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi neno pana linavyoficha maswali mawili. Mtoto wa miaka 4 anasema "kitabu yangu". Mtafiti mmoja ataandika kwamba mtoto bado hajaimudu ngeli ya KI-VI. Mwingine atauliza: je, mama yake husemaje? Kama watu wazima wanaomzunguka walijifunza Kiswahili ukubwani na wao pia husema "kitabu yangu", mtoto huyo amejifunza sawasawa kile alichokisikia, na hakuna kosa la makuzi hapo. Utafiti wa kwanza unahitaji rekodi za mtoto. Wa pili unahitaji rekodi za mtoto na za walezi wake, pengine na za mwalimu. Anayetaka kufanya kazi nawe anahitaji kujua unafanya upi. Basi usiandike "ninatafiti sarufi ya watoto". Andika unachokilinganisha na nini.

Lugha na mazingira. Hapa walimu wa lugha huteleza zaidi kuliko wa awali. Lugha ya kwanza, lugha ya pili na lugha ya kigeni ni hali tatu tofauti. Kufundisha lugha ni kazi moja, na kufundisha hisabati kwa kutumia lugha hiyo ni kazi nyingine. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya watoto wenye lugha mbili, mwaka 1979 alitenga lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo, akaonyesha kwamba mtoto anaweza kuonekana mwepesi katika ya kwanza huku ya pili ikimtaabisha. Ukiandika "umilisi wa lugha ya pili" bila kusema upi kati ya hiyo miwili, umemwachia msomaji kubahatisha. Sema pia kama watoto wako wako nyumbani, kituo cha malezi, darasa la awali au darasa la kwanza.

Njia ni mahali pa kujieleza zaidi

Kurasa nyingi huishia kwenye mada na kukaa kimya kuhusu njia. Inasikitisha, kwa kuwa mhariri na mshirika huitafuta njia kwanza. Watu kumi wanaweza kutafiti msamiati wa watoto. Anayejua kunukuu mazungumzo ya watoto wanaochanganya lugha mbili, yaani kuyaandika neno kwa neno kutoka kwenye rekodi, ni adimu.

Taja njia kwa jina lake na kwa kipimo chake. Ukirekodi mazungumzo, sema unanukuu kwa utaratibu upi. Hazina ya mazungumzo ya watoto iitwayo CHILDES, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Brian MacWhinney na Catherine Snow, ina utaratibu wake wa unukuzi uitwao CHAT. Anayeufuata ana data inayoweza kusomwa na programu na kulinganishwa na ya wengine, na jambo hilo linafaa kuandikwa kwa maneno matano tu. Ukipima urefu wa wastani wa usemi wa mtoto, kipimo alichokieneza Roger Brown mwaka 1973, sema unahesabu nini. Brown alihesabu mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, katika semi 100 za Kiingereza. Kwa Kiswahili, "sijakiona" ni neno moja lenye mofimu tano: si-ja-ki-on-a. Ukihesabu maneno, mtoto aliyesema hivyo ana 1. Ukihesabu mofimu ana 5, hata kama amelikariri neno zima bila kujua lina viungo ndani yake. Mtafiti asiyesema alihesabu kipi ataombwa maelezo na kila mhakiki, na mwenye kutaka kulinganisha atamruka.

Ukitumia orodha ya kuwauliza wazazi maneno ambayo mtoto anayajua, kama ile ya MacArthur-Bates, andika kama ulitumia toleo lililorekebishwa kwa lugha husika au uliitafsiri mwenyewe. Orodha hiyo imerekebishwa kwa lugha nyingi, Kiswahili na Kigiriama zikiwamo. Kurekebisha na kutafsiri ni vitu viwili: tafsiri huacha ndani maneno ya vitu ambavyo mtoto hajapata kuviona, kisha alama yake ya chini inaonekana kama upungufu wake.

Majaribio nayo yana mitego inayotofautiana kwa lugha, na anayeitaja mitego hiyo kwenye ukurasa wake anajulikana mara moja kuwa ameifanya kazi. Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya mnyama wa kubuni aitwaye "wug", kisha picha ya wawili, akawaacha wamalizie sentensi kwa wingi. Jaribu kulihamisha kwa Kiswahili. Unamwonyesha mtoto picha: "Hiki ni kibuto." Halafu unamwonyesha vitu viwili: "Sasa viko viwili. Hivi ni…" Umekwisha kumpa jibu. "Viko", "viwili" na "hivi" vyote vimebeba kiambishi unachotaka akitoe mwenyewe. Kiingereza hakina tatizo hilo kwa kiasi hiki. Kiswahili kinapatanisha kila kitu. Inabidi uonyeshe picha ya pili na kuuliza "Na hapa unaona nini?", bila kiashiria wala idadi, na uanze kwa maneno halisi mawili matatu kama kikombe na kiti, mtoto aelewe mchezo. Wengine watajibu "kibuto na kibuto". Jibu hilo huandikwa lilivyo, halihesabiwi kuwa kosa la ngeli, kwa kuwa halionyeshi kama mtoto anajua au hajui wingi.

Maneno yanayokuharibia

"Kuboresha", "kukuza" na "kuinua kiwango" ni vitenzi vya mpango mkakati. Mtafiti huchunguza, hulinganisha, hupima, hufuatilia, hueleza. Vitenzi vya kuboresha vibakize kwa miradi ambayo kweli ulitekeleza jambo na kupima kabla na baada.

Chunga pia lugha ya upungufu. Bado kuna kurasa zinazosema mwandishi anashughulikia "pengo la maneno milioni 30", yaani dai kwamba watoto wa familia maskini husikia maneno pungufu kwa kiasi hicho kuliko wa familia zenye uwezo, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Kadirio hilo lilitokana na familia 42 zilizofuatiliwa na Betty Hart na Todd Risley Marekani, likachapishwa mwaka 1995. Mwaka 2019 Douglas Sperry na wenzake walichapisha data za jamii nyingine ambazo hazikuonyesha pengo la namna hiyo, na mjadala ukawaka upya. Ukilitaja pengo bila kuutaja mjadala, msomaji wa fani anajua uliacha kusoma lini.

Idadi ya maeneo: mawili au matatu. Orodha ya kumi na mbili huonyesha mtu aliyewahi kuhudhuria warsha kumi na mbili. Kama unayo mengi kwa haki, panga yafuatane chini ya swali moja kubwa. Anayechunguza hadithi za simulizi darasani, msamiati na uelewa wa kusikiliza ana swali moja lenye milango mitatu, na aandike hivyo.

Sasa vyeti

Shahada ziandikwe kuanzia ya karibuni kurudi nyuma: jina la shahada kama lilivyo kwenye cheti, fani, chuo, mwaka uliotunukiwa (si mwaka uliomaliza mitihani). Wasomaji wa nchi nyingine hawajui stashahada yako ni sawa na nini kwao; kuongeza ngazi ya ISCED husaidia. Shahada ya kwanza iko ngazi ya 6, uzamili ngazi ya 7, uzamivu ngazi ya 8. Cheti cha sekondari kiache. Cheti cha ualimu usikiache kamwe, hata kama sasa una uzamivu. Katika elimu ya awali hicho ndicho kinachomwambia mkuu wa shule kwamba umewahi kusimama mbele ya watoto 40.

Mada ya tasnifu iandikwe nzima, kwa lugha iliyoandikiwa, na chini yake maelezo ya mstari mmoja kwa Kiswahili ikiwa ni ya lugha nyingine. Mada ya tasnifu ina habari nyingi kuliko jina la shahada. "Uzamili katika Elimu" inaweza kuwa ya uongozi wa shule au ya usomaji wa silabi.

Hadhi iwe ya kweli. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye pendekezo lake la utafiti halijapitishwa ajiite mwanafunzi wa uzamivu, basi. Makala iliyotumwa ni "imewasilishwa". Ikishapita kwa wahakiki ni "imekubaliwa". "Inachapwa" ni pale tu mhariri amekuthibitishia. Uongo mdogo wa hapa hugunduliwa kwa kubofya mara moja.

Daraja kati ya shahada na swali

Watu wa fani hii hutoka pande mbalimbali, na sehemu inayosahaulika zaidi ni sentensi inayoeleza jinsi ulivyotoka ulikosomea ukafika unakotafiti. Kila upande humpa mtu nguvu yake na kumwachia tundu lake, na ukurasa mzuri unaonyesha ulivyoliziba.

Aliyetoka isimu anajua kuichambua sentensi ya mtoto mpaka kiambishi cha mwisho. Darasa ndilo humshinda: anapanga kurekodi saa nzima mahali ambapo kelele za watoto 35 hazimpi hata dakika tano safi, au anachagua muda wa uji. Kama uliwahi kukaa darasani muhula mzima, ukifundisha au ukishuhudia tu, liandike hilo pembeni ya shahada yako ya isimu. Lina uzito kuliko semina nne.

Aliyetoka ualimu wa awali analijua darasa, anajua mtoto yupi anajibu kwa sauti na yupi anajibu kwa macho. Pungufu yake huwa kwenye rekodi na takwimu. Saa moja ya sauti za watoto hula saa nyingi za unukuzi, na asiyejua hilo huahidi watoto 60 kwa miezi mitatu. Ukiwa umejifunza unukuzi, takwimu au matumizi ya programu ya uchambuzi, sema wapi na kwa kiwango gani.

Mwanasaikolojia wa makuzi anakuja na vipimo. Tatizo ni kwamba vipimo vingi viliwekewa viwango kwa watoto wa lugha nyingine, na alama ya "chini ya wastani" inamlinganisha mtoto na wastani usiomhusu. Aandike ni vipimo vipi amevirekebisha na kwa lugha gani. Kuna pia wanaotoka tiba ya matamshi na lugha. Hawa wana cheti cha kitabibu chenye masharti yake, na lazima waseme kama wanatafiti watoto wenye changamoto za lugha au watoto wote, kwa sababu mzazi atakayeusoma ukurasa atadhani wanatoa huduma.

Na aliyetoka fasihi? Asione haya. Sentensi moja inatosha: "Nilianza na fasihi simulizi, nilipofuatilia jinsi watoto wanavyosimulia upya ngano walizosikia, ndipo nikahamia kwenye makuzi ya usimulizi." Bila sentensi hiyo, msomaji anaona shahada ya fasihi na utafiti wa watoto wa miaka 5, akashuku kwamba mtu amefuata ufadhili.

Mfano mzima

Huu ni wa kubuni, una maneno yasiyofika 150.

"Ninawafundisha walimu wa elimu ya awali, hasa ufundishaji wa lugha kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Ninachunguza jinsi watoto hao wanavyojifunza upatanisho wa ngeli pale ambapo Kiswahili ni lugha ya pili ya watu wazima wengi wanaowalea. Ninarekodi mazungumzo ya mtoto na mlezi nyumbani, ninayanukuu kwa utaratibu wa CHAT, na kuyalinganisha na majibu ya jaribio la maneno ya kubuni. Swali langu la pili linahusu mwalimu: anayarudiaje kwa usahihi maneno yenye kosa la ngeli bila kumkatiza mtoto? Shahada ya kwanza ni ya ualimu, ya uzamili ni ya isimu. Kati ya hizo nilifundisha madarasa ya awali kwa miaka 6, na swali la ngeli lilianzia huko. Ninapokea wanafunzi wa uzamili wanaotaka kufanya kazi na rekodi za sauti. Sisimamii tasnifu za vipimo vya kusoma."

Sentensi ya mwisho wengi huiogopa. Inakuokolea barua pepe nyingi za mwaka, na mwanafunzi anapata njia yake mapema. Angalia pia kwamba vyeti vimefuata swali. Orodha kamili ya miaka na vyuo iende chini, kwenye sehemu yake. Nafsi ya kwanza au ya tatu? Fuata kurasa za wenzako wa idara. Kinachochukiza ni kuchanganya zote mbili katika aya moja.

Kama huna shahada, bali unafundisha na una swali, muundo ni uleule. Weka umri, jambo, lugha, na unavyolifuatilia: daftari la kila siku, sampuli za michoro zenye tarehe, rekodi fupi. Mwalimu mwenye daftari la mwaka mzima kuhusu watoto 20 ana kitu ambacho mhadhiri hana, na ukurasa ukisema hivyo, mhadhiri atamtafuta.

Jina, namba na watoto wenyewe

Chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe. Mifumo ya kielektroniki huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Mwenye majina matatu akiandika mawili leo na matatu kesho anagawanyika kuwa watu wawili, na kazi zake zinapotea nusu. Waliobadilisha jina baada ya ndoa huumia zaidi. Dawa ni ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyopangwa kwa makundi manne ya nne nne, inayotolewa bure tangu mwaka 2012. Tarakimu ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Usiifute ukidhani ni kosa la uchapaji.

Picha za watoto usiweke, hata zile zinazopendeza. Ridhaa ambayo mzazi aliitoa kwa ajili ya utafiti haihusu tangazo lako. Hata bila picha, kijiji, umri na jina la kituo vikikaa pamoja katika sentensi moja vinatosha kumtambulisha mtoto kwa jirani yake. Andika "kituo kimoja cha malezi cha mjini", na kama kamati ya maadili ilikupa namba ya kibali, itaje kwenye makala, si hapa.

Pitia ukurasa mara mbili kwa mwaka. Vitu vya kutazama ni vichache: makala iliyoandikwa "inachapwa" kwa miaka miwili, mradi uliokwisha muda, mwanafunzi aliyehitimu bado akiwa kwenye orodha, barua pepe ya kazi ya zamani. Weka tarehe ya marekebisho chini kabisa, kwa herufi ndogo.